Njooni Januari: Viwanda vya Hatari na Ardhi Isiyotulia ya Nyanda za Juu Kusini



Aprili 2024 ubavu wa Mlima Kawetere ulimeguka kwa mvua, ukashuka Itezi, hapa hapa jijini Mbeya. Tope lilifukia nyumba na kuvamia shule. Nilipokwenda kutazama, watu walikuwa wakichimbua mabati kwa majembe, na mama mmoja amechutama anasugua sufuria iliyotoka chini ya udongo. Nikajiuliza swali ambalo ndilo mhadhara wangu wote: ingekuwaje kama tope lile lingekuta matangi ya petroli badala ya vitanda na madawati?

Wenzetu wamekwisha kulijibu kwa roho zao. Tarehe 2 Novemba 1994 mvua kubwa ilinyesha Durunka, Misri. Mafuriko yakavamia ghala la mafuta, mafuta yakamwagika na kushika moto, maji yakayabeba yakiwaka hadi majumbani. Walikufa watu zaidi ya 400. Karibu nasi zaidi, Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo, Kongo, ilipita katikati ya mji wa Goma. Siku chache baadaye watu walikuwa wakichota mafuta kwenye kituo kilichozingirwa na lava ambayo haijapoa. Kikalipuka, wakafa kwa makumi, watu ambao volkano yenyewe ilikuwa imewaacha hai. Sisi tuliozika wenzetu wa Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, tunaijua harufu ya habari hiyo. Tofauti ni kwamba Msamvu lori la mafuta lilipinduka barabarani, na barabara ilikuwa nzima, umeme upo, simu inaita. Maafa ya asili yanapogonga kiwanda, hivyo vyote huondoka kwa mkupuo mmoja.

Sasa tuitazame ardhi tunayokalia. Mbeya imekaa panapokutana matawi ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga Rukwa, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne iliyopita. Halikuacha simulizi nyingi za vifo kwa sababu hapakuwa na maghorofa ya kuanguka, wala bomba, wala tangi. Mlima Kyejo, volkano ya kule Rungwe, ulilipuka mara ya mwisho yapata miaka 200 iliyopita. Kwa mlima, hiyo ni juzi.

Na juu ya ardhi hiyo tumeweka nini? Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linafanya kazi tangu 1968, lina vituo vya kusukumia Iringa na Mbeya, na siku hizi linabeba dizeli badala ya mafuta ghafi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Kisima cha kaboni dayoksaidi Rungwe, gesi inayokwenda kwenye viwanda vya soda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa bondeni kimya kimya. Watu wa Goma wameipa jina, mazuku, na wanajiolojia wa dunia nzima leo wanalitumia neno hilo la Kiswahili. Ongeza malori ya salfa yanayopanda mlima Kitonga kwenda migodi ya Zambia na Kongo. Kitonga ikiziba, kila mwenye kusafiri Iringa anajua, hata gari la zimamoto litasubiri foleni.

Lakini jambo linaloninyima usingizi ni dogo kuliko hayo yote. Ni bwawa.

Chunya, mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha na kukamata dhahabu yake kwa zebaki, mchanga unaobaki, marudio, huuzwa kwa mwenye mtambo wa uchenjuaji. Huyu huuloweka kwa maji ya sayanaidi, ambayo huyeyusha dhahabu iliyobaki. Maji hayo hukaa kwenye bwawa lililotandikwa plastiki, na hutiwa chokaa ili pH yake isishuke chini ya 10. Ikishuka, sayanaidi hugeuka gesi, na gesi hiyo huua.

Nilipata kusimama kwenye ukingo wa bwawa moja la namna hiyo, ambalo sitalitaja. Ulikuwa mwezi wa Julai, vumbi linatimka, mlinzi amejikunyata na redio yake. Bwawa lilikuwa na urefu wa mita 50 na upana wa mita 40. Kutoka usawa wa maji hadi ukingoni palikuwa kama shubiri moja. Nikapiga hesabu kwenye kiganja. Milimita 100 za mvua juu ya eneo la mita za mraba 2,000 ni lita 200,000, na hapo sijahesabu tone moja linaloteremka kutoka mlimani. Nusu ya shubiri imekwisha. Mvua hiyo hiyo inapunguza nguvu ya chokaa. Na mfereji wa kukinga maji ya mlimani? Ulikuwepo, umejaa mchanga. Nilipouliza nani anauzibua, mlinzi alicheka.

Makosa hapo si ya mlinzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini tulizozizoea huandikwa kwa kuuliza kiwanda kitaifanya nini ardhi. Upande wa pili, ardhi itakifanya nini kiwanda, hupewa aya moja ya hali ya hewa na jedwali la mvua. Wasimamizi wa mazingira wana jicho lao, OSHA ya usalama kazini lao, Mkemia Mkuu wa Serikali lake, zimamoto lao. Mamlaka ya Hali ya Hewa inajua mvua, Taasisi ya Jiolojia kule Dodoma inajua matetemeko. Wote hawa wangekaa meza moja juu ya kibali kimoja, mengi yangeonekana mapema.

Dawa zenyewe si ghali. Tangi tupu likizungukwa na maji huelea kama mtumbwi na kung'oa mabomba yake, kwa hiyo lisiachwe tupu masika, au lifungwe kwa boliti kwenye msingi. Ukuta wa kuzuia mwagiko hauna maana valvu yake ikiachwa wazi ili maji ya mvua yatoke. Bwawa lichorwe mstari mwekundu ambao maji hayaruhusiwi kuuvuka, na mwenyekiti wa kitongoji kilicho chini yake aujue, awe na namba ya kupiga na njia ya kupandisha watu mlimani.

Huku kwetu mvua ni moja, Novemba hadi Aprili. Kiangazi bwawa lolote linapendeza na barabara zote zinapitika. Basi ombi langu kwa waheshimiwa wakaguzi, na wengine nawaona hapa safu ya pili, ni hili: msije Julai. Njooni Januari, mje na mabuti, na mwombe kuonyeshwa mfereji.