Mwalimu Aliyeondoka na Filamu: Kumfundisha Mteknolojia wa Mionzi katika Zama za Dijitali

Mada kwa wakufunzi wa vyuo na wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo hospitalini



1. Utangulizi

Mwanafunzi wa stashahada ya radiografia hapa Tanzania husoma miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6, baada ya kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha nne. Akihitimu, husajiliwa na baraza la taaluma yetu lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mtaala unampa anatomia, fizikia ya mionzi, mikao ya mgonjwa na kinga dhidi ya mionzi, na mtaala huo sina ugomvi nao. Hoja yangu ni moja: mashine za dijitali zimemwondolea mwanafunzi sahihisho alilolipata kwa filamu kila siku, nasi bado hatujaziba pengo hilo.

2. Filamu ilivyokuwa ikisahihisha

Waliosoma enzi za chumba cha giza wanakumbuka. Ukizidisha mionzi, filamu ilitoka nyeusi tii. Ukipunguza mno, ilitoka nyeupe na mapafu hayasomeki. Kosa lilining'inia kwenye taa ya kusomea, mbele ya msimamizi, daktari na wanafunzi wenzako. Filamu ilinunuliwa kwa fedha, kwa hiyo kila iliyoharibika iliulizwa. Mwanafunzi alijifunza kuuangalia unene wa mgonjwa na kupanga kilovolti na miliampia-sekunde kabla hajagusa kitufe.

Katika dijitali, kompyuta hurekebisha mwanga wa picha yenyewe. Mionzi ikipungua sana, picha huwa na chenga, na mwanafunzi hulaumiwa. Ikizidi mara mbili, picha hutoka safi, laini, ya kupendeza, na mwanafunzi husifiwa. Kwa hiyo hujifunza haraka kwamba kuzidisha hakuna hasara kwake. Pole pole vipimo vya chumba kizima hupanda, wala hakuna aliyekusudia.

Mteknolojia huvaa beji ya kupimia dozi, na kikomo chake ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano. Mgonjwa hana beji, na hakuna kikomo cha namna hiyo alichowekewa, kwa kuwa dozi yake huhalalishwa na manufaa ya kipimo. Kinga yake ni uamuzi wa daktari aliyeagiza kipimo na umakini wa aliyesimama kwenye mashine. Mtoto aliyepigwa picha kwa vipimo vya mtu mzima hatalalamika, na picha yake haitamsemea.

3. Namba ambayo wanafunzi wetu hawaisomi

Sahihisho hilo halijapotea kabisa. Limehamia kwenye namba ndogo pembeni mwa picha, yaani kiashiria cha mionzi iliyofika kwenye kipokezi. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2008 kiliweka pia kipimo cha mkengeuko: sifuri maana yake umelenga, +3 ni karibu mara mbili ya mionzi iliyokusudiwa, -3 ni karibu nusu. Lakini namba hiyo ina maana tu pale ambapo idara imepanga shabaha sahihi kwa kila kipimo, na kolimeta, yaani kifaa cha kubana uwanja wa miale, imefungwa inavyostahili. Aidha, baadhi ya mifumo ya zamani ya kaseti za dijitali hutumia namba inayoshuka kadiri mionzi inavyopanda. Mwanafunzi anayehamia hospitali nyingine aulize kwanza mashine ya pale inasemaje.

Hapa niguse tabia inayoenea: kufungua uwanja wa miale wazi, kisha kukata kingo kwenye kompyuta ili picha ionekane nadhifu. Kukata kingo hakurudishi mionzi iliyokwisha kupita tumboni mwa mtoto.

4. Picha za kurudia huanzia kwenye maneno

Picha nyingine hurudiwa si kwa sababu ya vipimo bali kwa sababu mgonjwa hakuelewa. Katika picha ya kifua tunataka kidevu kipande, mabega yaje mbele ili mifupa yake itoke juu ya mapafu, na pumzi ijae. Mzee anayeamriwa kwa sauti kutoka nyuma ya ukuta, "Vuta! Shika!", hushika chochote kilicho karibu. Anayesalimiwa kwanza, "Shikamoo mzee," akaonyeshwa namna ya kuvuta pumzi na kuizuia, akajaribishwa mara moja kabla ya picha, hufanya vizuri. Vilevile swali la ujauzito liulizwe faraghani, si mbele ya mama mkwe aliyemsindikiza. Haya ni mambo ya kutahiniwa, kwa sababu yanaokoa dozi.

5. Mapendekezo

Kwanza, kitabu cha kumbukumbu za vitendo kisihesabu idadi ya picha pekee. Kila picha iandikwe na kilovolti, miliampia-sekunde, kiashiria na jibu la swali: je, ilirudiwa, na kwa nini?

Pili, picha zilizokataliwa zisifutwe. Kila wiki msimamizi na wanafunzi wakae nazo, wazigawe kwa sababu: mkao, pumzi, kusogea, mionzi, alama ya kulia na kushoto. Zisitumike kuadhibu, maana zikiadhibu zitafichwa.

Tatu, mwanafunzi apange vipimo kwa mkono kwanza, ndipo aruhusiwe kutumia programu zilizopangwa tayari. Anayejua kupanga atagundua programu ikikosea, asiyejua ataifuata.

Nne, mtihani wa vitendo uwe na picha zenye kasoro, na swali liwe: utarudia au utaipeleka hivyo hivyo kwa daktari? Picha isiyopendeza lakini inayojibu swali la daktari haihitaji kurudiwa. Kujua hilo ni nusu ya taaluma.

6. Hitimisho

Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hukagua vifaa na hupima beji zetu. Hakuna mkaguzi atakayesimama nyuma ya kila mwanafunzi siku nzima. Mapendekezo haya hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji safu kadhaa kwenye daftari lililopo na saa moja ya wiki. Naomba semina hii ikubaliane juu ya ukurasa mmoja wa kumbukumbu utakaotumika katika vyuo vyetu vyote, ili mwanafunzi akihamishwa kituo, sahihisho lake lihame naye.