Vitabu Vitatu Tulivyovisoma

Umma ambao wahyi wake ulianza kwa amri ya kusoma hauna udhuru wa kuishi kwa kusikia tu.

Karibuni tumesoma vitabu vitatu. "Qurani Takatifu" ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, ina maelezo yanayomwezesha hata mchuuzi wa Tandika kudai dalili kwa anayemhutubia. "Uwongozi" wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mkusanyo wa makala za gazeti lake la Sahifa aliloanzisha mwaka 1930, ni kidogo lakini kinachoma, kwani kinatukosoa Waislamu wenyewe. Kitabu cha Mohamed Said juu ya Abdulwahid Sykes (1998) kinawarejesha wazee wetu katika historia ya TANU. Tunakisifu, ila anayekisoma ili alalamike tu amekisoma nusu. Wazee wale hawakulalamika tu, walichanga na kujenga.

Misikiti yetu ya Temeke na Kinondoni ina vipaza sauti. Mingapi ina kabati la vitabu? Tuanze na hivi vitatu.