Mwana wa Askari Katika Uwanja wa Gofu

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari mlio zamu katika kambi ya Makenke hapa Kakiika, na ninyi polisi mlioko vituoni kutoka Mbarara mjini hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale: mazungumzo yetu baada ya habari yanahusu mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwa kupita tu, tukiwa nje ya ua. Mchezo huo ni gofu.

Hapa Uganda gofu ililetwa na watawala wa kikoloni, nao walifungua uwanja wao Entebbe mwaka 1901. Mzungu alipiga mpira, kijana wa Kiafrika akabeba mkoba wa fimbo. Kijana huyo, ambaye wachezaji humwita kedi, alijifunza mchezo kwa macho, na bwana akishaondoka akaujaribu kwa fimbo chakavu. Mambo yalikuwa hivyo Kenya, yalikuwa hivyo Tanganyika, na, jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu, yalikuwa hivyo hivyo Marekani.

Tarehe 13 Aprili 1997, katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, kijana wa Kimarekani aitwaye Tiger Woods alishinda mashindano makubwa ya Masters. Alikuwa na umri wa miaka 21, na hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja tangu awe mchezaji wa kulipwa. Aliwaacha wenzake kwa mapigo 12, kiasi ambacho hakuna aliyepata kukifikia katika mashindano hayo. Magazeti ya ulimwengu yalisifu mikono yake. Sisi tunapenda kumtazama baba yake, Luteni Kanali Earl Woods, askari wa vikosi maalumu aliyepigana katika vita vya Vietnam. Jina la Tiger, yaani chui milia, alilitoa kwa heshima ya ofisa wa jeshi la Vietnam Kusini aliyekuwa rafiki yake vitani. Na alipomfundisha mwanawe, alimfundisha kijeshi: mtoto akiinua fimbo, baba anakohoa, anaangusha mkoba, anachezesha sarafu mfukoni, ili akili ya kijana izoee kutulia palipo na vurugu. Askari yeyote aliyepita katika uwanja wa shabaha analielewa somo hilo bila kufafanuliwa.

Lakini Tiger mwenyewe, siku ile ile ya ushindi, alisema kwamba yeye si wa kwanza, akawataja wazee waliomtangulia. Mmoja wao alikuwapo pale pale uwanjani, jina lake Lee Elder. Mzee huyo alikuwa ameendesha gari kwa haraka mno ili awahi kushuhudia, hata polisi wakamsimamisha na kumwandikia faini. Polisi wetu wa barabara ya Masaka watasema sheria ni sheria, na ni kweli.

Habari za mzee huyo ndizo zinazotuhusu zaidi. Alizaliwa Dallas, jimbo la Texas, mwaka 1934. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, baba yake aliuawa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya miezi michache mama yake naye akafariki. Yatima huyo wa askari alilelewa na jamaa zake, akaacha shule, akawa kedi. Hakupata kucheza mashimo yote 18 mfululizo hadi alipofika umri wa miaka 16. Mwaka 1959 aliitwa jeshini, akapelekwa kambi ya Fort Lewis. Mkuu wake, Kanali John Gleaster, aliyekuwa mpenzi wa gofu, aliutambua ustadi wa kijana yule, akampangia kazi katika kikosi cha huduma maalumu, ambako angepata nafasi ya kucheza kila mara. Hadi hapo Elder alikuwa amecheza kwa kuiba muda. Ni jeshini alikopewa muda ulio wake.

Aliacha jeshi mwaka 1961. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilifuta katika katiba yake kifungu kilichowaruhusu wazungu peke yao kuwa wanachama. Kifungu kilifutwa, lakini ada ya majaribio ya kuingia katika mashindano makubwa haikufutwa. Elder alicheza miaka kadhaa katika mashindano ya watu weusi, ambayo zawadi zake zilikuwa haba. Katika kipindi kimoja alishinda mashindano 18 kati ya 22, na bado hakuwa na fedha za kwenda kwenye majaribio. Alizipata mwaka 1967. Mwaka uliofuata, akiwa mgeni kabisa, alifungana na bingwa Jack Nicklaus huko Akron, Ohio, akashindwa katika shimo la tano la nyongeza. Na mwaka huo huo, mjini Pensacola, Florida, yeye na wenzake weusi walikatazwa kuingia katika jengo la klabu, wakabadilisha nguo kwenye maegesho ya magari.

Liko jambo moja ambalo hatuwezi kulipita kimya. Mwaka 1971 Elder alikubali mwaliko wa Gary Player, mzungu wa Afrika Kusini, akaenda kucheza Johannesburg wakati ambapo Baraza Kuu la Michezo Afrika lilitaka utawala wa makaburu utengwe katika michezo yote. Wengi walimlaumu. Yeye aliweka sharti kwamba watazamaji wasitenganishwe kwa rangi, na kwamba yeye na mkewe wakae popote watakapo. Sharti likakubaliwa. Kwa maoni yetu waliomlaumu walikuwa na sababu, kwani siku chache za gofu haziwezi kuondoa sheria za pasi, nazo ziliendelea kuwatesa watu hadi mwaka 1986. Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba alikwenda kama kibaraka. Mwaka ule ule alishinda pia mashindano ya wazi ya Nigeria.

Mwaka 1974 alirudi Pensacola, pale pale alipovalia nguo nje, akashinda. Ushindi huo ulimpa haki ya kuingia Augusta. Tarehe 10 Aprili 1975 akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters. Kabla ya siku hiyo alikuwa amepokea vitisho vya kuuawa, akakodi nyumba mbili badala ya moja ili pasijulikane analala wapi. Ndugu zetu wa polisi walifikirie hilo: raia aliyeingia kwa haki yake analazimika kujificha kama mhalifu. Alicheza kwa mapigo 74 siku ya kwanza na 78 siku ya pili, akatolewa katika mchujo. Watumishi weusi wa klabu walijipanga kumtazama akimaliza. Yafaa ikumbukwe kwamba hadi mwaka 1982 kila mchezaji wa Masters alitakiwa kumtumia kedi wa klabu ile, na kedi hao walikuwa watu weusi.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yanasogea. Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alifungana na Ricardo González wa Argentina katika mashindano ya wazi ya Kenya, akaukosa ubingwa katika mchezo wa nyongeza. Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania lina uwanja wake wa gofu Lugalo, Dar es Salaam, na raia hucheza humo pamoja na wanajeshi. Hapa Mbarara uwanja upo, wa mashimo tisa, wala si safari ndefu kutoka Makenke. Watoto wa askari wapo kambini, na Nakivale wapo yatima ambao baba zao walikufa vitani kama baba yake Elder. Ofisa anayetaka kumwombea kijana mmoja ruhusa ya kuingia uwanjani siku ya Jumamosi hahitaji kungoja waraka kutoka Kampala.

Lee Elder aliitwa tena Augusta tarehe 8 Aprili 2021, kuyafungua mashindano pamoja na Jack Nicklaus, aliyemshinda Akron, na Gary Player, aliyemwalika Johannesburg. Wenzake wawili walipiga mpira. Yeye, akiwa na umri wa miaka 86 na mirija ya hewa puani, hakuweza. Alisimama, akainua fimbo yake, na watu wakampigia makofi. Alifariki tarehe 28 Novemba mwaka huo.