Kiranja si Askari Mdogo

Hotuba ya ofisa uhusiano wa polisi mbele ya viongozi wa wanafunzi, walimu na wazazi, Jinja



Tunafahamu kwamba sare zetu zikionekana katika uwanja wa shule, wengi huulizana kimoyomoyo ni nani aliyekosa. Leo hakuna aliyekosa. Tumekuja kuunga mkono jambo jema: wanafunzi wa vidato vya juu kuwakalisha viongozi wadogo, wale wa kidato cha kwanza na cha pili pamoja na wenzao wa shule za msingi, na kuwafunza namna ya kuongoza na namna ya kutunzana.

Kwa nini jambo hili liwahusu polisi? Mwaka 1999, ng'ambo ya mpaka, katika Shule ya Upili ya Nyeri nchini Kenya, viranja wanne walifungiwa katika chumba walimolala wakachomwa moto na wanafunzi wenzao. Hatuutaji msiba huo ili kuilaumu shule wala marehemu. Tunautaja kwa sababu unatukumbusha mahali anaposimama kiranja. Shule humkabidhi kijana wa miaka kumi na saba ulinzi wa bweni zima, naye hulala humo humo pamoja na wale anaowaamuru. Akipewa cheo bila mafunzo, atatumia kile tu alichokiona kwa waliomtangulia, na mara nyingi alichokiona ni kelele, adhabu na vitisho.

Hapa Uganda, Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Ikiwa mwalimu mwenyewe amekatazwa, kiranja ataipata wapi ruhusa ya kumpiga mwenzake? Kiranja si askari mdogo. Hana pingu, hana mahabusu, wala hatumtaki awe mpelelezi wetu. Kazi yake ni kuwa karibu na wenzake kiasi cha kuona mapema kile ambacho mwalimu atakiona kwa kuchelewa. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya shule huonekana kwanza bwenini, bombani na kwenye foleni ya uji.

Huenda mzazi akauliza: mtoto atamfunza nini mtoto mwenziwe? Majirani zetu Wakenya wanatupa mfano. Katika mpango uitwao Shamiri, vijana waliomaliza shule ya upili hivi karibuni waliandaliwa, kisha wakakutana mara nne na wanafunzi wa miaka 13 hadi 18 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Walizungumza juu ya mambo ya kawaida kabisa: kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, kwamba shukrani humjenga mtu, na kwamba kila mmoja ana maadili anayoyathamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha wanafunzi 413, ulionyesha kwamba dalili zao zilipungua zaidi kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Lakini zingatieni jambo moja: vijana wale walioongoza hawakuachwa peke yao. Walikuwa na wataalamu nyuma yao wa kuwapelekea yaliyowazidi.

Basi ninyi mlio wakubwa, mnapowafunza wadogo zenu, anzeni na kusikiliza. Msikilizeni mtu mpaka amalize, bila kumcheka wala kumhubiria. Msikilizeni kwa lugha yake ya nyumbani ikiwa mnaijua. Kuna huzuni ambayo mtoto wa Busoga ataieleza kwa Lusoga tu, na mtoto wa Mbale kwa Lumasaba.

Kisha wafunzeni mpaka wa siri. Aliyefeli hesabu, anayeikumbuka nyumba yao, aliyegombana na rafiki, yake yahifadhini. Lakini mambo matatu hayafichwi hata kama mmeapishwa: mwenzenu anaposema anataka kujidhuru, mwenzenu anapodhuriwa na mtu yeyote, na mnaposikia tishio la moto au la fujo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambieni mwalimu mlezi siku hiyo hiyo. Ikiwa anayetuhumiwa ni mwalimu huyo, nendeni kwa mkuu wa shule, au kwa dawati letu la ulinzi wa mtoto na familia katika kituo cha polisi, au pigeni simu ya watoto namba 116, ambayo haina malipo.

Kwa ninyi wa Busia, Malaba na Lwakhakha, kuna wingu jingine la kutazama. Dawati likikaa tupu siku tatu mfululizo, kiongozi wa darasa na aulize. Pengine mwenzenu ni mgonjwa. Pengine ameanza kuvusha mizigo mpakani kwa ujira wa siku, au ameahidiwa kazi ya nyumbani upande wa pili na mtu asiyemjua. Swali linaloulizwa siku ya tatu laweza kumrudisha. Likiulizwa baada ya muhula, huenda tukawa tunamtafuta katika nchi mbili.

Mwisho, wafunzeni wadogo zenu kujitunza wao wenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama huuona mwepesi, anayeubeba ndiye ajuaye uzito wake. Kiranja aliyesikia habari nzito naye alale, ale, acheze mpira, na awe na mtu mzima wa kumweleza. Na kwa kuwa uongozi wa shule hupokezanwa kila mwaka, msisubiri mtihani wa mwisho ndipo mwite wadogo zenu. Mkiondoka bila kuwafunza, elimu hii itaondoka nanyi langoni.

Walimu, wapeni vijana hawa saa moja kwa wiki na mahali pa faragha. Wazazi, mtoto akirudi likizo akawaeleza jambo la rafiki yake, msimfokee kwamba hayamhusu. Nasi polisi tunaahidi haya: mtoto atakayekuja kituoni kueleza shida ya mwenzake atapokewa kwa heshima, atasikilizwa mahali pasipo na msongamano, na jina lake halitatajwa mbele ya wanafunzi wenzake. Tukikiuka ahadi hii, mtuulize hadharani, katika mkutano kama huu.

Kwa Mungu na nchi yangu.