Mwalimu Anajuaje Nani Ameelewa?

Hotuba kwa walimu na wazazi wa shule za msingi na chekechea



Tangu mwaka wa 2016, Serikali ya Kitaifa ilipoanza kusambaza tabuleti katika shule za msingi za umma, mazungumzo yamekuwa ya idadi. Ngapi zimefika, ngapi zinafanya kazi, ngapi zimefungiwa kabatini kwa hofu ya wezi. Linaloulizwa mara chache ni hili: somo linapokwisha, mwalimu anajuaje nani ameelewa?

Kwa kawaida mwalimu huuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Wanaoinua mikono ni wale wale watano wa mbele. Ukimya wa wengine hugunduliwa karatasi za mtihani zinaposahihishwa, na mada imeshapita.

Chukua mfano wa desimali. Ipi kubwa, 0.6 au 0.45? Watoto wengi huchagua 0.45, kwa kuwa 45 ni kubwa kuliko 6. Si uzembe, wanatumia kanuni ya nambari nzima mahali isipofaa. Mwalimu akiliona hilo papo hapo, huwaweka wawili wawili wabishane, kisha huleta utepe wa fundi cherehani: 0.6 ya mita ni sentimita 60, na 0.45 ni sentimita 45. Halafu anauliza tena kwa nambari nyingine. Hiyo ndiyo tathmini endelevu: jibu la mwanafunzi hubadilisha hatua inayofuata ya mwalimu. Lisipobadilisha chochote, hiyo ni kazi ya karani.

Hapa ndipo teknolojia inaposaidia. Kwa programu ya Plickers, kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye mchoro wake. Huigeuza ili herufi ya jibu lake, A, B, C au D, iwe juu, kisha huiinua. Mwalimu hupitisha kamera ya simu yake, na majibu ya darasa zima huonekana. Watoto hawahitaji kifaa chochote, na jirani hatambui kwa urahisi nani amejibu nini, hivyo hata mwenye haya hujibu. Pasipo na simu wala intaneti, vibao vidogo vya chaki hufanya kazi iyo hiyo, na havimalizi chaji.

Kuhusu alama, pana hatari. Tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 zimepewa asilimia 60 ya matokeo ya mwisho ya shule ya msingi, na mtihani wa KPSEA asilimia 40. Uzito huo unaweza kugeuza tathmini kuwa mbio za kujaza alama kwenye tovuti ya KNEC kabla ya makataa. Mwaka wa 1988, mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa Israeli: waliopewa maelezo pekee waliimarika, lakini waliopewa maelezo pamoja na alama hawakuimarika. Alama iliyameza maelezo. Mzazi anayefungua daftari na kuuliza, "Umepata ngapi?" angeuliza pia, "Mwalimu amesema urekebishe nini?"

Chekechea, ambayo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti, haihitaji mashine nyingi. Mtoto akihesabu vizibo vya soda, mwalimu hutazama: anagusa kila kizibo mara moja, au anaimba nambari tu? Picha ya kazi yake mwanzoni na mwishoni mwa muhula humwonyesha mzazi mengi. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na kundi la WhatsApp la wazazi si mahali pa kuanika kazi yenye jina lake.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kufanya haya kila kipindi. Swali moja lililofikiriwa vizuri, katika somo moja, mara mbili kwa wiki, linatosha kuanzia. Kadi huchapishwa mara moja tu. Zikibandikwa kwenye vipande vya katoni, hudumu zaidi.