Pini Iliyomezwa na Kidole Tumbo
Kidole tumbo ni kifuko chembamba, chenye urefu wa sentimita 6 hadi 10 hivi kwa mtu mzima, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa chini kulia wa tumbo, na kwa kuwa kina mlango mmoja tu, kitu kigumu kikishatumbukia humo mara nyingi hukosa pa kutokea. Aghalabu mlango huo huzibwa na kinyesi kilichokauka kikawa kijiwe, au na uvimbe wa tezi zilizomo ukutani mwake, ndipo ute hujaa ndani na vijidudu vikazaliana.

Ni nadra sana kwa ugonjwa wa kidole tumbo unaoanza hivyo kuletwa na kitu kilichomezwa. Watoto wengi wamekua wakikatazwa kumeza mbegu za mapera, ilhali mbegu hizo, ingawa mbegu za matunda zimewahi kukutwa ndani ya vidole tumbo vilivyokatwa, kwa kawaida hutoka na choo. Kinachostahili hofu hiyo zaidi ni pini. Fundi cherehani hubana pini midomoni huku mikono yote miwili imeshika kitambaa, na mwanamke anayefunga mtandio huishikilia kwa meno. Kicheko kimoja au kikohozi hutosha kuishusha kooni. Nyingi hupita salama, lakini inayonasa katika kidole tumbo huweza kukitoboa, usaha ukamwagika tumboni.

Upasuaji wa kwanza wa kuondoa kidole tumbo unaojulikana kufaulu ulihusu pini vilevile. Mnamo Desemba 1735, katika Hospitali ya St George's jijini London, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri, yaani kiungo cha ndani kilichotokeza kinenani, akakuta humo kidole tumbo kilichotobolewa na pini iliyogandwa na mawe. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, bila dawa ya usingizi, na inasikitisha kufikiria maumivu aliyoyavumilia mtoto yule, ambaye hata hivyo alipona.

Aliyemeza pini asijitapishe, asinywe dawa ya kuharisha, wala asimeze matonge ya ugali ili kuisukuma, bali aende hospitali apigwe eksirei, kwa kuwa chuma huonekana humo waziwazi. Maumivu yakianzia kitovuni kisha yakahamia chini kulia, pamoja na homa au kichefuchefu, hata kama miezi imepita, arudi siku hiyohiyo na kumtajia daktari ile pini.