KITUNGUU NI CHAKULA, SI BADALA YA DAWA

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli katika mkutano wa wanachama, Cheptais)



Leo sisemi juu ya mishahara. Nitasema juu ya vitunguu, ambavyo sisi wa Cheptais twavijua sana, maana mlima wetu wa Elgon huvizaa kwa wingi.

Mwenzetu mmoja wa kazi ya njia aliambiwa na daktari kwamba ana presha, akapewa vidonge. Baadaye mtu mmoja sokoni akamwambia, "Tupa vidonge, tafuna kitunguu saumu kila asubuhi." Akatii. Siku moja alianguka kazini, nyundo mkononi. Leo mkono wake wa kuume hauwezi kushika hata kikombe, na watoto bado wadogo.

Je, yule mtu alisema uwongo? Si uwongo mtupu, na hapo ndipo penye hatari. Saumu ikipondwa hutoa kitu kiitwacho alisini, chenye harufu ile kali. Mabingwa wa utabibu wamewapima watu wenye presha waliotumia saumu, wakaona presha imeshuka kidogo. Mafuta ya damu na sukari pia hushuka kidogo. Lakini wengi wa watu hao walipewa saumu iliyotengenezwa kuwa vidonge kwa kipimo, si punje za jikoni. Kitunguu maji nacho kina kwasetini, ila ushahidi wake ni mdogo zaidi. Ndugu, kushuka kidogo si kupona.

Tena saumu nyingi huzuia damu kuganda upesi. Anayetumia dawa kama warfarini, au anayengoja kupasuliwa, amwambie daktari kwanza.

Basi tufanyeje? Tule vitunguu. Ponda saumu, iache dakika 10 ndipo uitie sufuriani. Mchuzi ukiisha kukolea vitunguu, punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai.

Na tupimwe. Presha ikionekana mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, imepanda, hata kama huumwi popote. Sisi wa njia twajua kwamba ufa wa reli haupigi kelele. Hujulikana kwa kukaguliwa. Ukipewa vidonge, usiviache mpaka daktari mwenyewe aseme.